Mali Iliyokabidhiwa: Dk. David Livingstone na Ghala la Kwihara

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ezra 8:24-34, Mathayo 6:19-21, Luka 10:30-37, Luka 16:1-12, Matendo 6:1-6, 2 Wakorintho 8:18-21.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 4:2.

Mtendeni ni kata iliyo ndani ya mji wa Tabora. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na Unyamwezi, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliibeba mizigo mabegani kwa miezi mingi. Leo Reli ya Kati inapita Tabora kuelekea Kigoma, na kwa miaka mingi magunia ya mahindi na maharage ya wakimbizi kutoka Burundi na Kongo yamefuata upande huo huo. Vyombo vya usafiri vimebadilika, lakini swali la ghalani ni lile lile: je, kilichotumwa kitamfikia aliyetumiwa?

Nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya tembe inayotunzwa kama makumbusho ya Dk. David Livingstone. Wengi wanamfahamu kama mmisionari, tabibu, msafiri na adui wa biashara ya utumwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na habari za ghala: marobota yaliyotumwa yakapotea, makasha yaliyotunzwa yakaliwa na mchwa, na watunza mali waliouza kisichokuwa chao. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba maisha yake yalifungwa kwa orodha ya mali iliyoandikwa kwa uaminifu na watumishi wake Waafrika.

Juma hili tazama maisha hayo kwa jicho la uwakili. Mtu aliye mbali, mgonjwa na mwenye njaa, hutegemea mikono asiyoiona. Mikono hiyo yaweza kumponya, na yaweza kumwua.

JUMAPILI
Kijana wa Kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia ya watu maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, akakiegemeza juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila alipopita.

Mwaka 1836 alianza kusomea uganga huko Glasgow, na mwaka 1840 akahitimu kuwa tabibu. Shirika la Misheni la London lilimtuma Afrika Kusini, akafika mwaka 1841. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto karibu na bega. Mfupa ule haukuunga vizuri, akabaki na alama hiyo maisha yake yote. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat.

Mwezi wa Novemba 1855 aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya katika mto Zambezi. Jina lake likavuma Ulaya yote. Kisha serikali ya Uingereza ikamtuma Zambezi kuanzia mwaka 1858 hadi 1864. Safari ile haikwenda vyema. Kulikuwa na ugomvi kati yake na wenzake, homa ziliwasumbua, na mwaka 1862 mkewe Mary akafa na kuzikwa Shupanga, kando ya mto ule.

Mwaka 1866 alirudi Afrika kwa mara ya mwisho. Alifika Zanzibar, kisha akashuka karibu na mto Ruvuma. Alikusudia mambo mawili: kutafuta chanzo cha mto Nile, na kuufunua ulimwenguni uovu wa biashara ya watumwa. Pamoja naye walikuwemo Abdullah Susi wa Shupanga, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861.

Mwezi wa Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka msituni. Mmoja wao alikuwa amebadilishana mzigo na mwenzake siku ile, na mzigo aliotoroka nao ulikuwa kasha la dawa. Walitafutwa wasipatikane. Daktari, aliyejua homa ya nchi ile inavyoua, aliona kana kwamba amehukumiwa kifo. Kasha moja tu lilipotea, lakini tangu siku ile hakuwa tena na afya imara.

Je, kuna kitu kidogo ulichokabidhiwa ambacho kikipotea mtu mwingine ndiye atakayeumia?

JUMATATU
Nguo Iliyokuwa Chakula

Ili kuelewa habari hii, ni lazima kuelewa uchumi wa njia ya misafara. Sarafu hazikuwa na kazi huko bara. Msafiri alinunua mtama, muhogo, mbuzi na samaki kwa nguo na ushanga. Merikani, yaani kitambaa cheupe cha pamba, kaniki nyeusi, na shanga za rangi mbalimbali ndizo zilizokuwa fedha. Kila kabila lilikuwa na ushanga linaoupenda, na ushanga usiopendwa haukununua hata kibaba cha unga. Kwa nguo hizo hizo msafiri alilipa hongo kwa watemi na ujira kwa wapagazi.

Kwa hiyo robota la merikani lilikuwa chakula cha miezi mingi. Aliyeiba nguo za msafiri alimnyang'anya mkate mdomoni. Ghala la nguo lililokuwa Unyanyembe, sehemu ya Tabora ya leo, au Ujiji, halikutofautiana sana na ghala la mahindi ya msaada la siku hizi.

Daktari aliagiza vifaa vyake vitangulie kutoka Zanzibar hadi Ujiji, ili avikute huko. Mwanzoni mwa mwaka 1869 aliugua mapafu, akawa hawezi kutembea. Wafanyabiashara waliokuwa safarini walimbeba kwa machela hadi ziwani, naye akafika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Njia yote alikuwa na tumaini moja, kwamba dawa na nguo zinamngoja.

Alikuta nini? Dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, na njia ya kwenda huko ilikuwa imefungwa na vita. Kati ya vipande 80 vya nguo vilivyotumwa, vipande 62 vilikuwa vimeibwa, pamoja na sehemu kubwa ya ushanga wake ulio bora. Aliyepewa dhamana ya kuusafirisha mzigo ndiye aliyeula njiani. Aliandika barua nyingi kuomba msaada mwingine, lakini nyingi hazikufika pwani, maana walikuwapo watu ambao hawakutaka habari za mambo yao zijulikane Zanzibar.

Hata hivyo hakurudi. Kwa kile kidogo kilichosalia alivuka ziwa mwaka ule ule na kuingia nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Huko vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi. Alipoishiwa karatasi aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya mimea. Katika kipindi hicho aliisoma Biblia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mara nne.

Soma Luka 16:10-12. Yesu anaunganisha namna gani uaminifu katika mali ya mtu mwingine na mali ya kweli?

JUMANNE
Ujiji, Oktoba 1871

Balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Dk. John Kirk, ambaye zamani alikuwa pamoja na Livingstone katika safari ya Zambezi, alituma msaada mwingine. Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipita Zanzibar na kuua maelfu, na wapagazi wengi walikuwa miongoni mwao. Mzigo uliondoka, ukiwa chini ya msimamizi anayetajwa katika habari hizi kwa jina la Sherif. 

Sherif alifika Ujiji, akakaa. Alituma watu kumi kwenda Manyema kumfuata Daktari, lakini akabaki na marobota. Akaanza kuyatumia. Kwa shanga nzuri nyekundu alinunua pombe, akawa analewa kwa majuma mengi. Kisha akajihakikishia kwamba Mzungu amekwisha kufa. Mwenye mali akiwa amekufa, aliwaza, mali ni ya nani? Akauza yote kwa bei ya kutupa kwa rafiki zake, akajinunulia pembe za ndovu.

Lakini mwenye mali hakuwa amekufa. Mwezi wa Julai 1871, huko Nyangwe, Livingstone alishuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi mamia ya watu sokoni, wengi wao wakiwa wanawake. Moyo wake ulivunjika. Akageuka, akatembea mamia ya maili kurudi Ujiji akiwa mgonjwa wa kuhara, amekonda mifupa mitupu. Jambo moja tu lilimtia nguvu: huko Ujiji liko ghala lake.

Alifika tarehe 23 Oktoba 1871. Jioni ile Chuma na Susi walimjia wakilia kwa uchungu, wakamwambia kwamba vitu vyote vimeuzwa. Katika yadi 3,000 za merikani haikubaki hata yadi moja. Katika ratili 700 za ushanga haukubaki hata uzi mmoja. Sherif alikuja kumsalimu kwa mkono kana kwamba hakuna jambo lililotokea, naye Daktari akakataa.

Kilichomwokoa asife njaa ni vitu vichache alivyokuwa ameviacha Ujiji kwa tahadhari. Alijiona kama yule mtu wa mfano wa Yesu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia kwa wanyang'anyi. Wala si wote waliompita. Mwarabu mmoja wa mji ule, Said bin Majid, alikasirishwa na dhuluma ile, akapendekeza Sherif anyang'anywe pembe na mali ya Daktari irudishwe.

Siku chache baadaye bunduki zikasikika na bendera ya Marekani ikaonekana. Susi alikimbia kumletea bwana wake habari. Alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta. Alikuja na chakula, nguo, dawa na barua. Livingstone akaanza kula mara nne kwa siku, na nguvu zikamrudia.

Sherif alijitetea kwa kudhani kwamba mwenye mali hatarudi. Linganisha na Mathayo 24:48-51. Je, wazo hilo huingiaje moyoni mwa mtunza mali wa leo?

JUMATANO
Hesabu ya Kwihara

Baada ya kuchunguza pamoja upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871. Walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Huko katika tembe la Stanley kulikuwa na mzigo mwingine uliotumwa kwa Daktari kutoka pwani. Mzigo huo ulikuwa umekaa zaidi ya siku 90 Bagamoyo kabla ya kuanza safari, kisha ukazuiwa Unyanyembe na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu.

Safari hii Daktari hakupokea kwa macho tu. Yeye na Stanley walichukua kipimo, wakapima nguo zote. Walipolinganisha na kilichotumwa, zilipungua yadi 733 na robo tatu. Zilipungua pia frasila mbili za ushanga mwekundu wa samesame na kasha moja la brandi. Mmoja wa wasimamizi wa mzigo alijifanya mgonjwa, akawasingizia wenzake waliokwisha kufa. Lakini hesabu haikunyamaza. Likatolewa robota lililofichwa ndani ya mali ya mtu mwingine, na upungufu ukashuka hadi yadi 436 na nusu.

Hilo ni funzo kwa kila mtunza ghala. Kama wasingepima, robota lile lisingeonekana kamwe. Maneno matupu ya kulalamika hayakurudisha kitu Ujiji, lakini hapa kipimo na maandishi vilirudisha karibu yadi 300.

Kisha Daktari aliagiza kasha lililokuwa limetunzwa kwa liwali wa Unyanyembe kwa miaka minne. Lilipofunguliwa, bunduki mbili nzuri na bastola zilikuwa zimeharibika, mbao zake zote zimeliwa na mchwa. Chai ilikuwa imeoza. Chupa za brandi zilikuwa zimevunjwa ili ionekane ni ajali, lakini vizibo vyake vilikuwa vimesukumwa ndani na magunzi ya mahindi yakawekwa badala yake. Mwizi alikunywa kwanza, kisha akavunja.

Tazama aina mbili za upotevu katika kasha moja. Mchwa hawakuwa na nia mbaya. Waliingia kwa sababu kasha halikuinuliwa wala kufunguliwa na kukaguliwa. Mwizi naye aliingia kwa sababu hakuna aliyehesabu. Yesu aliviweka pamoja wadudu waharibuo na wevi wavunjao katika Mathayo 6:19. Mali hupotea kwa uzembe kama inavyopotea kwa wizi, na mwenye njaa haoni tofauti.

Stanley aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 kwenda pwani. Siku tano baadaye, siku yake ya kuzaliwa, Livingstone aliyaweka wakf maisha yake upya kwa Mungu. Kisha akangoja. Alitengeneza jibini kwa ajili ya safari na kuziangalia njia za mashariki. Tarehe 14 Agosti walifika watu 57 waliotumwa na Stanley, wakiwa wametembea siku 74 kutoka Bagamoyo. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Kabla ya kuondoka Daktari alipima mizigo yote tena, akampa kila mpagazi ratili 50 sawasawa. Msafara ukaondoka tarehe 25 Agosti 1872.

Soma Ezra 8:24-30, 33-34. Kwa nini Ezra alipima vitu mwanzoni mwa safari, na kwa nini vilipimwa tena Yerusalemu?

ALHAMISI
Orodha ya Chitambo

Mvua za mwisho wa mwaka zilimkuta Daktari katika mabwawa ya Ziwa Bangweulu. Damu ilimtoka, akashindwa kutembea, wakambeba. Mwishoni mwa Aprili 1873 walifika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, wakamjengea kibanda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, uso wake juu ya mikono, kama mtu anayeomba. Alikuwa amekwisha kufa.

Fikiri hali ya watu wale. Bwana wao amekufa. Pwani iko mbali sana. Makasha yamo mikononi mwao, na hakuna ofisa, balozi wala ndugu wa marehemu wa kuwauliza. Sherif aliuza mali ya mtu aliyemdhania tu kuwa amekufa. Hawa walikuwa na maiti mbele yao.

Susi na Chuma waliwakusanya watu wote. Makasha yakafunguliwa mbele ya kila mmoja, ili wote wawe mashahidi na pasiwe na mtu wa kulaumiwa baadaye. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaombwa aorodheshe kila kitu katika daftari dogo la Daktari. Akaandika fedha iliyopatikana, kama shilingi moja na nusu. Akaandika kofia, saa, dira, na vyombo vya kupimia, hata vile ambavyo hakuyajua majina yake. Hakudharau kitu kwa udogo wake.

Shilingi moja na nusu! Nani angeiulizia? Lakini iliandikwa.

Kisha wakaamua kumrudisha kwao. Moyo wake waliuzika chini ya mti hapo Chitambo, na Wainwright akasoma ibada ya maziko na kuchonga jina mtini. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani kwa siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Njiani waliugua, wengine wakafa, na mara moja iliwalazimu kupigana.

Mwezi wa Oktoba 1873 waliingia Kwihara, mahali pale pale palipohesabiwa merikani. Huko walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo Unyanyembe, maana njia ya mbele ina hatari. Wakakataa. Kazi waliyojitwika ilikuwa kumfikisha pwani, na Kwihara haikuwa pwani.

Linganisha njia waliyoitumia Susi na Chuma na ile ya Paulo katika 2 Wakorintho 8:20-21. Ni nini kinachofanana?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mbele kidogo ya Kwihara, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Wale watumishi waliufunga mwili upya, wakaufanya uonekane kama robota la kawaida la nguo. Kisha wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, wakayatuma nyuma kana kwamba yanakwenda kuzikwa Unyanyembe. Hivyo msafara ukapita.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Walilipwa ujira wao, wengi wakatawanyika. Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Huko madaktari walichunguza mfupa wa mkono wa kushoto, wakaikuta alama ya simba wa Mabotsa. Kilichopokelewa kilikuwa ndicho kilichotumwa. Tarehe 18 Aprili 1874 Dk. Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Baadaye Susi na Chuma nao walifika Uingereza, wakamsaidia mchungaji Horace Waller kutayarisha shajara za Daktari, zilizochapishwa mwaka ule ule.

Shajara zake za mwisho zilikuwa ndani ya makasha yaliyofunguliwa Chitambo. Kama wangeyatupa au kuyauza, habari za miezi yake ya mwisho zingekufa pamoja na mwandishi wake. Pia ushuhuda wake juu ya mauaji ya Nyangwe, alioutuma kwa mkono wa Stanley, ulikuwa umekwisha kuamsha dhamiri za wengi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Haifai kuwalaumu watu wa asili moja kwa yaliyotokea. Said bin Majid alitetea haki. Livingstone mwenyewe, katika uchungu wake, alimlaumu Dk. Kirk kuliko ilivyostahili. Mara nyingi tatizo lilikuwa utaratibu wa kukabidhi na kukagua mzigo. Uaminifu wa moyo ni wa lazima, lakini utaratibu mzuri humsaidia hata mwaminifu asijaribiwe.

Ndiyo maana maghala ya chakula cha msaada leo yana taratibu zake. Magunia hupangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, ili unyevu na mchwa visiyafikie. Kila rundo lina kadi yake inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Gunia lililotangulia kuingia hutangulia kutoka. Yaliyopasuka hushonwa na kuhesabiwa peke yake. Dereva hutia sahihi anapopakia, na mpokeaji hutia sahihi baada ya kuhesabu. Kila baada ya muda magunia yenyewe huhesabiwa na kulinganishwa na leja. Kazi hii haina sifa, wala hakuna anayemwimbia mtunza stoo. Lakini mama aliye katika foleni akiwa na kadi ya mgao mkononi hana njia nyingine ya kupata unga wake.

Kanisa la kwanza lilipopata malalamiko kuhusu mgao wa kila siku, mitume hawakuona kwamba ni jambo dogo. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima (Matendo 6:1-6). Stoo ya Dorkasi yenye magunia matatu ya mahindi na fungu la nguo inastahili watu wa namna hiyo hiyo, na daftari la namna hiyo hiyo. Ipo siku Mwenye mali atarudi na kuomba hesabu. Heri atakayekutwa ameandika hata shilingi moja na nusu.

Maswali ya Kujadili:

1. Sherif na Wainwright wote wawili walikuwa na mali ya mtu asiyekuwapo. Ni mambo gani yaliyowatenganisha? Je, ni tabia peke yake, au utaratibu wa kufungua makasha mbele ya wote ulichangia?

2. Kasha la liwali liliharibiwa na mchwa na pia na mwizi. Katika kanisa lenu, ni mali gani inayopotea kwa uzembe bila mtu yeyote kuiba?

3. Huko Kasekera watumishi waliwadanganya wenyeji ili kuufikisha mwili wa bwana wao. Je, kusudi jema liliihalalisha njia ile? Jadilini kwa upendo, mkizingatia hatari waliyokuwa nayo.

4. Baadhi ya washiriki huona kwamba kuomba hesabu kwa shemasi au kiongozi wa Dorkasi ni kumvunjia heshima. Mnawezaje kulieleza fungu la 2 Wakorintho 8:20-21 ili ionekane kwamba hesabu humlinda mtunza mali?

5. Jumuiya yenu ikiletewa kesho magunia 50 ya chakula kwa ajili ya waliokumbwa na mafuriko, nani atayapokea, nani atayatunza, nani atayagawa, na nani atakagua? Yaandikeni majina kabla hamjatawanyika.